Mama Aliyepimwa Kithimani

Mshale wa mizani ulipanda, ukapita mia, ukapita mia na thelathini, ukafika mwisho kwenye mia na hamsini na kukaa hapo ukitetemeka. Nthambi alikuwa bado na mguu mmoja sakafuni.

"Panda yote, mama," muuguzi akasema.

Nthambi akapanda yote. Mshale haukuwa na pa kwenda tena.

Mumewe, Ndunda, alikuwa amesimama karibu na mlango, ameshika mkoba wa mkewe. Hakuuangalia mshale. Aliangalia watu waliokaa kwenye benchi huko nje, kuona ni nani kati yao aliyekuwa akitazama. Walikuwa wakitazama wote.

Muuguzi, dada mmoja mrefu aliyeitwa Mutheu, alivuta pazia na kuwaweka kando. Nthambi alikuwa na mawe kwenye nyongo. Kwa miezi minne maumivu yalikuwa yakimkamata chini ya mbavu hadi anauma kitambaa, na sasa daktari alikuwa ameamua kwamba lazima apasuliwe. Lakini kabla ya kupasuliwa kulikuwa na jambo moja.

"Daktari wa dawa ya usingizi hawezi kukisia," Mutheu alieleza. "Akizidisha ni hatari, akipunguza pia ni hatari. Lazima tujue kilo. Na mizani yetu ndiyo hiyo mmeona. Kubwa tumeagiza, haijafika. Kosa ni letu, si lako mama, na naomba msamaha."

"Sasa tufanye nini?" Ndunda akauliza.

Mutheu aliangalia chini. "Kuna watu walio na mizani kubwa. Wale wanaonunua mifugo kwa kilo. Hapa mjini Machakos namjua mmoja, naweza kumpigia simu awapokee vizuri."

"Ya ng'ombe," Nthambi akasema. Hakuwa anauliza.

Kisha Ndunda akasema, haraka kuliko alivyotaka, "Si hapa mjini. Twende Kithimani."

Mutheu alishangaa. Kithimani ni mbali, na mgonjwa alikuwa na maumivu. Lakini Ndunda alishikilia hapo hapo. Kwao Kathiani watu huja Machakos kila siku, na hakuna kona ya mji ule ambayo hutakutana na mtu wa kanisa au wa ukoo. Kithimani hawakujulikana. Nthambi alimtazama mumewe, akaelewa, akasema tu, "Sawa. Kithimani."

Ndunda hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkulima wa machungwa na parachichi, mzee wa kanisa, mtu ambaye jirani akifiwa yeye ndiye wa kwanza kufika na jembe. Walipooana Nthambi alikuwa msichana wa kiuno chembamba na sauti ya kwanza kwenye kwaya. Baada ya Kasyoki, mtoto wao wa kwanza, alianza kunenepa, na watu walimsifu Ndunda. Walimwambia anajua kutunza mke, na yeye alicheka kwa raha. Baada ya mtoto wa tatu sifa zikapungua. Ikawa mizaha. Halafu mizaha nayo ikaisha, kikabaki kile kimya cha watu wanaosogea kwenye benchi kabla hujafika.

Nthambi alikuwa fundi wa nguo. Alishona sare za shule na magauni ya harusi, na alijua kiuno cha kila mwanamke wa Kathiani, lakini hakuna siku aliyowahi kumtaja mtu na kipimo chake. Alikuwa amejaribu kila kitu. Aliacha ugali wa jioni mwaka mzima. Alikunywa unga wa miti uliouzwa sokoni hadi tumbo likamwendesha wiki mbili. Alitembea asubuhi hadi magoti yakakataa. Kilo chache zilitoka, zikarudi na nyingine. Ndunda aliyaona yote hayo, na bado moyoni aliamini kwamba mkewe anakula kwa siri. Siku moja, Nthambi akiwa ameenda kwa dada yake, Ndunda aliingia kwenye chumba cha kushonea akavuta droo zote na kuinua vitambaa kimoja kimoja akitafuta biskuti. Alipata vifungo, chaki, na nyuzi. Badala ya kuona haya, alikasirika, kama mtu aliyenyimwa ushahidi.

Tangu hapo alianza kwenda harusini peke yake. "Mama Kasyoki ana kazi nyingi ya kushona," aliwaambia watu. Mwanzoni Nthambi alivaa na kumngoja. Baadaye aliacha kuvaa.

Walifika Kithimani saa nne, kwa gari la binamu yake Ndunda, Urbanus, ambaye hakuuliza maswali. Ilikuwa siku ya soko. Mfanyabiashara waliyeelekezwa aliitwa Yahye, na boma lake lilikuwa nyuma ya maduka, limezungushiwa mabati marefu. Ng'ombe walikuwa wamefungwa upande mmoja, na upande wa pili kulikuwa na bamba pana la chuma chini, na kisanduku chenye namba nyekundu kikining'inia ukutani.

Ndunda alimvuta Yahye kando na kumweleza kwa sauti ya chini, akitumia maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Yahye alimsikiliza, ndevu zake zimepakwa hina, uso haubadiliki.

"Yuko wapi mama?" akauliza.

"Ndani ya gari."

"Na mbona unanong'ona, mzee? Mama ni mgonjwa, si mwizi."

Akageuka akaita. Wafanyakazi wake wakaambiwa waende wakanywe chai na wasirudi hadi waitwe. Ng'ombe wawili waliokuwa karibu wakaondolewa. Yahye mwenyewe alichukua ndoo akaosha lile bamba, akafagia maji, kisha mkewe Kowsar akaja na mkeka mpya, bado una karatasi ya dukani, akautandika juu ya chuma. Kowsar alienda hadi kwenye gari, akamsalimia Nthambi kwa mikono miwili.

"Karibu mama. Kule ndani ni mimi na wewe peke yetu. Yahye atakaa nje, mimi najua kusoma hiyo namba."

Nthambi alishuka. Alikuwa amevaa gauni la buluu alilojishonea kwa ajili ya hospitali. Palikuwa na hatua moja ya kupanda kabla ya bamba.

"Mzee wake atamshika mkono," Kowsar akasema, akimtazama Ndunda.

Na hapo Ndunda alisema, "Mimi nitakaa kwenye lango niangalie watu wasiingie."

Yahye alikuwa tayari amesimama kwenye lango. Wote watatu walimwona. Nthambi aliweka mkono wake begani kwa Kowsar, wakaingia, na mlango wa mabati ukafungwa.

Ndunda alisimama nje akiangalia viatu vyake. Hakuwa amemaliza hata dakika mbili aliposikia mtu akimwita kwa jina.

"Ndunda! Asi! Wewe pia unafika huku?"

Alikuwa Masila. Masila alikuwa mwenzake katika chama cha wauza matunda, mtu wa Wamunyu, mwenye sauti kubwa na kicheko kilichotangulia maneno. Walikuwa wakikutana kwenye mikutano miaka sita sasa. Hakuwahi kumwona Nthambi, kwa sababu Ndunda hakuwahi kumpeleka mahali ambapo Masila angemwona.

"Nimekuja kuangalia beberu, Masila," Ndunda akasema. Uongo ulitoka laini kabisa.

"Basi ngoja. Naskia Yahye amefunga. Wale vijana wake kule kwenye chai wanasema kuna mama amekuja kupimwa kwa mizani ya ng'ombe." Masila akacheka hadi akashika kiuno. "Mama mzima! Umemwona?"

"Nimemwona akiingia."

"Unamjua? Ni wa wapi?"

Palikuwa na ukuta wa mabati kati ya Ndunda na mkewe, hatua nne hivi. Yahye alikuwa amesimama hapo hapo, mikono nyuma, akimtazama.

"Hapana," Ndunda akasema. "Simjui."

Angeishia hapo pengine angejisamehe siku moja. Lakini Masila alikuwa akingoja kicheko, na Ndunda akampa. Alicheka, kisha akaongeza, "Watu wengine hawajui kufunga mdomo wakiona chakula."

Yahye aligeuza uso akaangalia barabarani.

Mlango wa mabati ukafunguliwa. Nthambi akatoka, Kowsar akimshika kiwiko, kikaratasi kilichokunjwa kikiwa mkononi. Ndunda alijua kwamba sasa mkewe atasema "Baba Kasyoki, twende," na Masila atageuka amtazame, na yote yatakuwa yameisha.

Nthambi alifika walipokuwa wamesimama. Aliinua macho, akawaangalia wote wawili kwa namna ile ile moja, kama mtu anavyowaangalia watu asiowafahamu mahali pageni. "Habari zenu," akasema. Akapita.

"Nzuri, mama," Masila akajibu, akiuma midomo asicheke.

Yahye alitangulia akamfungulia mlango wa gari. Urbanus, akiwa ndani, alitoa kichwa dirishani akimtafuta Ndunda kwa macho. Nthambi alimwambia kitu. Gari likaondoka polepole, likapita maduka, likasimama mbele karibu na kituo cha mafuta.

Ndunda alishukuru. Hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote, kwamba wakati ule alishukuru. Aliona ni bahati tu, kwamba mkewe alikuwa na maumivu na hakutaka maongezi. Alimwambia Masila kwamba beberu hakumpendeza, akazunguka nyuma ya maduka kama mtu anayekwenda haja, akapita kwenye matope na maganda ya tikiti, akatokea kwenye kituo cha mafuta na kuingia garini. Nthambi alikuwa akiangalia dirishani. Alimpa kile kikaratasi bila kugeuka.

"Weka vizuri kisipotee. Ni cha daktari."

Ndunda akakitia kwenye mfuko wa shati, wakarudi hospitali.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya tatu Nthambi alikuwa anakunywa uji na kuwaeleza wagonjwa wenzake jinsi ya kukata kola. Kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, Mutheu alikuja akaketi kitandani, akamwita Ndunda asogee.

"Mawe tumetoa," akasema. "Lakini kuna ugonjwa mwingine ambao hatujautibu, na ambao umechangia haya mawe. Kila Alhamisi tuko na kliniki ya uzito. Ningependa mama aanze."

"Hiyo si ugonjwa," Ndunda akasema. "Hiyo ni..."

"Ni nini, mzee? Sema."

"Ni chakula."

Mutheu hakukasirika. Ilionekana alikuwa amelisikia jibu hilo mara nyingi. "Mzee wangu, wewe unakula nini jioni?"

"Ugali. Mboga. Maziwa."

"Na yeye?"

Ndunda alifikiri. "Hiyo hiyo. Yeye hachukui ugali siku nyingi."

"Na wewe ni mwembamba hivyo. Sasa eleza." Kisha akaendelea yeye mwenyewe. "Unene wa kiwango hiki ni ugonjwa, kama presha, kama sukari. Kuna kurithi ndani yake, kuna homoni, kuna uzazi, kuna usingizi, kuna hata dawa zinazonenepesha. Na mwili ukishazoea kilo fulani, ukiupunguzia chakula unafikiri kuna njaa. Unaongeza hamu ya kula, unapunguza kazi zake, unapigana mpaka zile kilo zirudi. Chakula na kutembea vina kazi yake, tutamfundisha, lakini mtu hashindi vita hivyo kwa kuambiwa ajizuie. Mtu wa presha tunamwambia ajizuie?"

"Hapana."

"Ni nini unafikiri kinawafanya wagonjwa kama yeye wachelewe kuja kwetu? Ni aibu. Wanakaa nyumbani na maumivu kwa sababu wanajua wakija tutawaambia wameyataka wenyewe. Na nyumbani wanaambiwa hivyo hivyo."

Nthambi alikuwa akiangalia dari. Machozi yalikuwa yakishuka pembeni yakiingia masikioni, na hakuyapangusa. Ndunda alikuwa hajawahi kumwona akilia kwa ajili ya mwili wake, na hapo alielewa kwamba si kwa sababu hakulia. Zile droo zilimrudia, na vifungo, na chaki. Alitamani Mutheu aondoke, na pia aliogopa aondoke.

Ilimchukua wiki tatu kusema. Nthambi alikuwa amerudi kwenye cherehani, na Ndunda aliingia kwenye chumba cha kushonea mchana, akasimama kama mteja.

"Mama Kasyoki, kuna jambo. Siku ile Kithimani. Kulikuwa na mtu nje..."

"Masila," Nthambi akasema, bila kuacha kukanyaga cherehani. "Ulimtaja jina ulipomjibu."

Ndunda alishika fremu ya mlango.

"Nilisikia, Baba Kasyoki. Nilikuwa nimesimama juu ya ule mkeka, Kowsar ananiambia nisitingishike namba itulie. Mabati hayazuii sauti. Nilisikia la kwanza, nikasikia na la pili."

"Na ukapita tu. Hukusema kitu."

"Ulikuwa umeshasema hunijui. Ningekusalimia kwa jina ungeaibika mbele ya mwenzako." Alikata uzi kwa meno. "Nikaona wacha aibu ya siku hiyo ibaki kwangu. Mimi nilikuwa tayari nayo."

Ndunda alitaka kupiga magoti, lakini aliona kwamba hata hiyo ingekuwa kumpa kazi mkewe, amwinue, amtulize. Alisimama tu, masikio yakiwaka. Mwishowe alisema, "Nilikosa." Neno lilikuwa dogo mno. Nthambi alitikisa kichwa kukubali kwamba ndiyo, alikosa, na akaendelea kushona.

Siku iliyofuata Ndunda alimpigia Masila simu. Akamwambia yule mama wa Kithimani ni mke wake. Masila akasema, "Sasa mimi nifanye nini na hiyo?" Simu ikakatika, na tangu hapo katika mikutano ya chama Masila hukaa mbali naye.

Mwezi wa tano Mutheu alipanga siku ya mafunzo katika ukumbi wa kanisa Kathiani, watu waelezwe kuhusu ugonjwa wa unene. Alimwomba Nthambi aseme machache. Nthambi alikataa.

"Mimi watu wamenitazama vya kutosha," akasema. "Kama mnataka mtu wa kusimama mbele, simamisheni huyu. Yeye ndiye alikuwa akijificha."

Kwa hiyo alisimama Ndunda, mbele ya watu aliowaombea na kuwazikia wazazi wao. Alianza vibaya, akisoma kwenye karatasi mambo ya homoni, na nyuma vijana wakaanza kuongea. Akakunja karatasi. Akawaeleza jinsi alivyopekua droo. Aliposema mizani ya ng'ombe mtu mmoja akacheka, na wengine kadhaa wakafuata, na Ndunda akangoja, kwa sababu alikijua kicheko hicho, alikuwa amekicheka yeye mwenyewe. Kisha akawaambia alichosema langoni, neno kwa neno, na alichofanya mkewe alipotoka. Kicheko kikaisha. Mama mmoja kando ya dirisha alijifunika uso kwa leso.

Aliwaambia pia kwamba mkewe sasa yuko kwenye matibabu, kwamba ana dawa na mpango wa chakula anaoufuata, kwamba kilo zinatoka kidogo kidogo na nyingine hurudi, na kwamba muuguzi anasema ndivyo ugonjwa huu ulivyo na hakuna wa kulaumiwa. Kilo ni ngapi hakusema. Mtu aliuliza, akajibu kwamba hizo ni za mwenyewe.

Halafu Kasiva, mjane mzee ambaye hakuna mkutano aliowahi kuondoka bila kuuliza swali, akainua mkono.

"Na yeye amekusamehe?"

"Sijamuuliza," Ndunda akasema.

"Basi kaa chini," Kasiva akamwambia, "ukamuulize."

Alimuuliza jioni ile ile, wakichambua maharagwe kwenye ungo. Nthambi alitoa mawe mawili madogo akayatupa.

"Bado," akasema. "Nikikuambia ndiyo nitakuwa nakudanganya. Kuna siku naamka imepungua, kuna siku naisikia sauti yako ile kama jana." Akatikisa ungo. "Lakini kesho ni Alhamisi, siku ya kliniki, na Urbanus amesema gari lake liko kwa fundi. Itabidi tutembee hadi barabarani."

Waliondoka mapema, kwa sababu kilima ni kirefu na Nthambi hupumzika mara tatu kabla ya kufika juu. Ndunda alibeba kigoda cha plastiki cha jikoni, chekundu, ili mkewe apate pa kukaa. Watoto wa shule waliwapita. Wanawake waliokuwa wakielekea sokoni waliwasalimia, macho yao yakishuka hadi kwenye kigoda na kupanda tena. Mwanamume mmoja kwenye pikipiki alipunguza mwendo awaangalie vizuri. Uso wa Ndunda uliwaka. Alikuwa amefikiri kwamba baada ya kusema mbele ya kanisa zima aibu ingemtoka, lakini ilikuwa hapo hapo, moto shingoni kama siku zote, na mikono ilimwasha kutaka kukiweka kile kigoda chini kando ya njia na kutembea mbele kidogo.

Alikishika. Walipofika kwenye kona ya kwanza alikiweka mahali palipo sawa, akakijaribu kwa mkono kama kimetulia, kisha akampa mkewe mkono. Nthambi aliuangalia ule mkono kwa muda. Akaushika, akaketi.

"Ngoja kidogo," akasema, "pumzi irudi."

Ndunda akasimama kando yake, upande wa barabara, akangoja.